Mkunga na Duru ya Pili

Wiki jana tulimwacha Felizarda kapiga magoti kwenye ua wa mjomba wake, miguu peku, bakuli la unga wa mtama mikononi, jua la mchana likimchoma utosini. Mjomba Atibo alikuwa amemwambia asubiri kidogo. Kuna mgeni ndani, alisema, angependa naye aje asikie mpwa wangu anavyoomba radhi. Kisha mlango ukafunguka.

Aliyetoka alikuwa Horácio Mualeia, meya wa Namuchara, mtu yule yule ambaye Felizarda anapambana naye. Alikuwa anajifuta mdomo kwa kitambaa, ametoka kula. Na miguuni alikuwa amevaa ndala za mjomba.

Ukimwona mtu ndani ya ndala za mwenye nyumba, huulizi tena kama wamezoeana.

Kwa wewe ambaye ndiyo kwanza unaungana nasi, mambo yamesimama hivi. Mji wetu wa Namuchara umepiga kura kumchagua meya, na hakuna aliyevuka nusu. Felizarda, mkunga wa zahanati, aliongoza. Horácio, aliyekalia kiti, alimfuata kwa karibu. Wa tatu ni mjomba Atibo mwenye kiwanda cha mbao, ndugu wa tumbo moja na marehemu mama yake Felizarda, na ndiye aliyemlea. Wawili wa juu wanakwenda duru ya pili. Wa tatu habaki na kitu, isipokuwa kitu kimoja kikubwa kuliko vyote: kura zake, ambazo kila mmoja anazitaka.

Tena mjomba alikuwa na kamba nyingine mkononi. Alikuwa amepeleka malalamiko tume ya uchaguzi kwamba kura zake ziliibwa, na malalamiko yale yakiwa mezani, tume haiwezi kutangaza tarehe ya duru ya pili. Wiki zinakwenda. Mvua zinakaribia. Mvua zikianza, wanawake wa mtaa wa Nakhapa, ambao ndio kura za Felizarda, watafunga mizigo yao na kwenda mashambani ng'ambo ya mto, walale kwenye vibanda mpaka palizi iishe. Duru ya pili ikiangukia humo, Felizarda kwisha.

Ndiyo maana alipiga magoti. Mjomba alimtumia ujumbe kwamba yuko tayari kumpa kura na kuondoa malalamiko, ila kwanza aje miguu peku, mbele ya majirani, na unga wa mtama wa kuwaomba wazee wetu waliokufa, aombe radhi kwa kusimama kugombea kiti kimoja na mjomba wake. Felizarda akaja. Eugénio, mwalimu anayeendesha kampeni yake, ndiye aliyemwambia aende. Magoti yanapona, alimwambia.

Sasa Horácio alishuka ngazi, akachutama karibu naye kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

"Dada, inuka basi," alisema. "Utapata vidonda, na kampeni bado mbichi."

Majirani waliokuwa wamening'inia kwenye ukuta wakacheka. Felizarda aligeuza uso. Alimtazama mjomba wake, akamuuliza taratibu maana ya jambo lile.

Mjomba hakuzunguka. Alisema alikwisha kukubaliana na mheshimiwa tangu wiki iliyotangulia. Kura zake zinakwenda kwa Horácio, na malalamiko yatabaki tume mpaka mvua zinyeshe. Kwa malipo, Horácio akishinda, Ussene, mtoto wa pekee wa mjomba, atapewa idara ya masoko ya mji.

"Kama ulikwisha kukubaliana, uliniitia nini hapa?" Felizarda aliuliza.

"Nilitaka nikuone umepiga magoti."

Alilisema bila hasira, kama mtu anayeeleza kwa nini ameagiza chai badala ya kahawa. Kisha akainama, akamnyang'anya bakuli, akaumwaga unga wote chini. Kuku wakaja mbio. Unga wa wazee wetu, msomaji wangu, ukawa chakula cha kuku, na mwenye kuumwaga ndiye mkubwa wa ukoo. Hata wale waliokuwa wanacheka ukutani walinyamaza.

"Mama yako alikuharibu," mjomba aliendelea. "Alikwambia wewe ndiye utakayerithi kila kitu changu kwa kuwa wewe ni mtoto wa dada. Hayo ya zamani. Mimi nimekaa Ujerumani, nimeona watu wanavyoishi. Mtu anafanya kazi kwa ajili ya mwanawe."

Na hapo akamwita Ussene aje asimame mbele za watu.

Ussene alitoka kwenye banda la mbao, kijana mpole mwenye mabega kama mlango, vumbi la msumeno limemjaa kwenye nyusi. Namuchara nzima inajua hadithi yake, maana baba yake haachi kuisimulia. Mjomba Atibo alirudi kutoka viwanda vya Ujerumani, na kabla hajamaliza hata kuezeka nyumba, mkewe Zaquia akajifungua mtoto njiti. Watu walisema hataishi. Leo tazama.

"Mtazameni njiti wangu," mjomba aliwaambia watu, akimpiga Ussene mgongoni. "Mtoto wa miezi saba. Daktari alisema nisimpe jina, atakufa. Huyu ndiye damu yangu. Wewe Felizarda ni nani kwangu? Ni deni la dada yangu, na nimekwisha kulilipa."

Felizarda akainuka. Magoti yalikuwa na alama za changarawe. Aliukung'uta unga kwenye kapulana, kanga aliyojifunga, akatazama upande wa jiko.

Zaquia alikuwa amesimama pale mlangoni na sinia la glasi za maji alizowaletea wageni. Macho yao yakakutana. Zaquia akatikisa kichwa, kidogo sana, mtu mwingine asingeona. Mkunga aliona. Wakunga wanazijua hizo ishara ndogo za wanawake, ndiyo kazi yao.

Aliona, akasema hivyo hivyo.

"Mjomba, Ussene hakuzaliwa njiti."

Horácio, aliyekuwa anakunja kitambaa chake, akasimamisha mikono.

"Nilimpokea mimi," Felizarda alisema. "Nikampima mimi. Alipita kilo tatu na nusu, ana kucha, ana nywele, amekamilika kama mtoto yeyote wa miezi tisa. Wewe ulikuwa na miezi saba tu tangu ushuke kwenye treni. Nilikwambia ni njiti kwa sababu ulikuwa umesimama nje ya chumba na panga la kukatia miti, unahesabu kwa vidole. Hakuna daktari aliyekwambia usimpe jina. Ni mimi nilikwambia hivyo, ili uamini."

Kuku waliendelea kudonoa.

Ningependa kukwambia kwamba Felizarda alijuta palepale. Sitakudanganya. Alijisikia kama mtu aliyeshusha mzigo wa kuni. Alimtazama mjomba wake usoni, akaona ule uso uliomfundisha kusoma saa na kuendesha baiskeli ukibadilika na kuwa uso wa mzee asiyejua amefikaje mahali alipo, na aliufurahia.

Mjomba Atibo hakupiga kelele. Aligeuka kumtazama mkewe. Zaquia aliliweka sinia chini, akazitoa glasi moja moja akazipanga kwenye ngazi, asivunje hata moja. Kisha akasimama na mikono mitupu. Hakukanusha.

Wa kwanza kusema alikuwa Horácio. Alizivua zile ndala, akaziweka sawasawa mlangoni, akavaa viatu vyake.

"Naona niwaache na mambo ya familia," alisema, akaondoka.

Ussene ndiye aliyebaki ameduwaa katikati ya ua. Alimwita baba yake. Akamwita tena. Mjomba akamjibu bila kumgeukia.

"Muulize mama yako mtu wa kumwita hivyo."

Siku ile ile vitu vya Zaquia vilikuwa barabarani. Masufuria, godoro, cherehani, sanduku la nguo lenye kufuli la Ujerumani. Mjomba mwenyewe ndiye aliyekuwa anavitoa, kimoja kimoja, akivishika kwa ncha za vidole. Majirani wengi waliona haya, wakaingia ndani. Wengine walileta viti.

Ussene hakusubiri kutolewa. Aliondoka na nguo alizovaa, na vumbi la mbao mwilini, na hakuna aliyejua ameelekea wapi.

Sasa, upande wa kampeni, kukapambazuka kama sikukuu. Asubuhi Eugénio alifika kwa Felizarda anahema. Mjomba Atibo alikuwa amekwenda tume mlango ulipofunguliwa tu na kuyaondoa malalamiko yake. Karani alimuuliza sababu. Mzee alisema hana tena mtu wa kumgombania. Akatia sahihi, akatoka, akajifungia kiwandani, na misumeno haikulia tena.

Kwa hiyo tarehe sasa itatangazwa. Tena itatangazwa haraka, kabla ya mvua. Eugénio hakuweza kukaa kitini. Alipanga mawakala wa vituoni, akasema watafundishwa upya maana duru ya kwanza walisinzia wakati wa kuhesabu. Akasema karatasi za kura safari hii zitakuwa na sura mbili tu, hata bibi asiyeona vizuri hatakosea. Akasema vitambaa vya kijani viongezwe, vya njano vya Horácio vimejaa mno sokoni.

"Dada, jana ulifanya kazi ya mwezi mzima kwa sentensi moja," alimwambia.

Felizarda alitabasamu. Alikuwa bado ana tabasamu hilo wakati mlango ulipogongwa.

Alikuwa Zaquia, na furushi kichwani.

Hakuja na matusi. Alisalimia, akapiga goti kama desturi ingawa yeye ndiye mkubwa, mke wa mjomba mtu. Alisema alilala kwenye kibaraza cha msikiti, na kwamba vitu vyake jirani mmoja amemhifadhia, ila yeye mwenyewe jirani yule hana pa kumweka. Ndugu zake wote wako mbali, kwenye reli ya huko chini. Anaomba kona tu.

Felizarda akamtazama Eugénio. Eugénio alimvuta pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini ambayo haikuwa ya chini vya kutosha. Ukimweka huyu hapa, kila atakayekuja kwenye mkutano atamwona, na kila atakayemwona atakumbuka ni nani aliyemvua nguo. Akae mbali. Watu husahau wasichokiona.

Felizarda akarudi mlangoni. Alisema nyumba imejaa watu wa kampeni, wanalala mpaka jikoni. Haikuwa kweli, chumba cha nyuma kilikuwa na magunia ya kapulana tu.

"Njoo baada ya duru ya pili," alimwambia. "Nitakuwa nimetulia, tutazungumza vizuri."

Zaquia akalishusha furushi, akalikaza fundo, akalipandisha tena. Kisha akasema jambo ambalo nimelisikia kutoka kwa mtu aliyekuwapo, na sijalisahau.

"Mimi siku ile nilitaka kumwambia ukweli, Felizarda. Unakumbuka? Mtoto alikuwa bado ana kitovu, nikakwambia muite, nimwambie mwenyewe, aniue au aniache. Wewe ndiye uliyeniziba mdomo. Uliniziba kwa kiganja chako, kina damu yangu. Ukasema, kaa kimya, mimi nitakutunzia."

Felizarda aliiangalia mikono yake.

"Basi," alisema Zaquia. "Umenitunzia."

Akashuka ngazi.

Hakwenda mbali. Alikwenda Nakhapa. Mwanamke mmoja anayeuza karanga alimwona amekaa kwenye mzizi wa mti kando ya njia, akamwingiza kwake, akampa shima, ugali wetu, na mboga ya majani ya mihogo. Mwingine akaleta mkeka. Kufika jioni nyumba ile ilikuwa imejaa wanawake waliokaa bila kusema sana, mmoja akimsuka Zaquia nywele, wengine wanachambua mchele.

Na katika kule kukaa, jambo likaanza kuwaingia polepole.

Hakuna mwanamke wa Nakhapa ambaye hakupita mikononi mwa Felizarda. Ndiyo maana walimpenda, ndiyo maana walimpigia kura. Walikuwa wamelia mbele yake, wamejisaidia mbele yake, wamemng'ata mkono. Na kwenye uchungu mwanamke hasemi anachotaka kusema, anasema kilichomo ndani. Mmoja alitaja jina la mtu ambaye si mumewe. Mwingine aliomba mtoto azaliwe amekufa. Mwingine alimwonyesha alama za mkaa wa moto kwenye paja, akamwambia ni mama mkwe, usiseme. Wote aliwaambia neno lile lile. Nitakutunzia.

Walianza kutazamana. Aliyekuwa anasuka akasimamisha vidole.

Felizarda alipofika Nakhapa na ngoma na gari la vipaza sauti, alikaribishwa kwa adabu. Alipewa kiti. Alipewa maji. Akasema habari za visima, habari za taa za barabarani, habari za ushuru wa soko. Wakaitikia ndiyo mama, ndiyo mama. Akamshika mtoto wa mwanamke mmoja, mtoto aliyempokea yeye mwaka uliopita, na mama wa mtoto akanyoosha mikono akamchukua mwanawe kabla hata hajamaliza kumtania. Alimchukua tu.

Njiani kurudi Felizarda alimuuliza Eugénio kama amewaona walivyokuwa. Eugénio alisema wamechoka na jua. Tarehe ikishatangazwa watachangamka.

Siku ya kutangaza tarehe ikafika. Tume iliwaita wagombea wote wawili na watu wao mbele ya ofisi yake, pale uwanja wa stesheni. Wa njano upande huu, wa kijani upande ule, polisi na fimbo zao katikati. Wachoma mihogo wakahamia huko. Redio ya mji ikafunga nyaya zake kwenye nguzo.

Mwenyekiti wa tume, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, alisoma taratibu kama anasoma orodha ya dawa. Matokeo ya duru ya kwanza yamethibitishwa. Malalamiko yameondolewa na mlalamikaji mwenyewe. Kampeni zinaendelea, vituo ni vile vile vya shule na stesheni, na duru ya pili itafanyika Jumapili ya tatu kuanzia hii ijayo.

Jumapili ya tatu. Hakuna wingu hata moja hadi siku hiyo. Kila mwanamke wa Nakhapa atakuwa nyumbani kwake.

Felizarda akainua mikono miwili juu, akawageukia watu wake apokee vigelegele.

Wanaume walipiga makofi. Vijana wa Eugénio walipiga ngoma. Lakini upande wa wanawake, pale ambapo vitambaa vya kijani vilikuwa vingi kuliko mahali pengine popote, walisimama wamefunga mikono chini ya kapulana zao. Katikati yao alikuwamo Zaquia, amesukwa vizuri, amepakwa usoni msiro, urembo mweupe wa mti, kama bibi harusi. Walikuwa wamemweka katikati makusudi.

Mikono ya Felizarda ilishuka yenyewe.

Horácio aliona. Yule mtu ana mambo mengi mabaya, lakini macho anayo. Alikuwa amepoteza tarehe, alikuwa amepoteza mpango wa mvua, na mjomba Atibo hakuwa na faida tena kwake. Mtu mwingine angerudi nyumbani kupanga upya. Yeye alipanda kwenye meza ya tume bila kuombwa, akachukua kipaza sauti mkononi mwa yule mama kabla hajakizima, na akaashiria kwa kidole nyuma ya gari lake.

Ussene akashuka garini.

Watu wakaguna. Wiki nzima hakuna aliyemwona. Alikuwa amevalishwa shati la njano jipya, mikunjo ya dukani bado iko kifuani, na alikuwa amepungua. Horácio alimshika mkono akampandisha mezani kando yake, akasema kijana huyu alikuja kwake na njaa, hana baba, hana nyumba, kwa sababu kuna mtu alitaka kura. Alisema yeye Horácio ana mabinti watatu na hana mtoto wa kiume.

"Kuanzia leo anaitwa Ussene Mualeia," alisema. "Jina langu ni lake. Anayetaka kumwita mwanaharamu, aniite mimi kwanza."

Alikuwa anamtumia, kila mtu mwenye akili alijua. Alikuwa anamvaa yule kijana kama alivyovaa ndala za mjomba. Lakini wanawake wa Nakhapa walilia. Wengine wakaanza kupiga vigelegele, wamevaa vitambaa vya kijani, wanampigia vigelegele meya wa njano. Eugénio aliweka mkono kinywani. Zaquia peke yake hakulia wala kushangilia. Alikuwa anamtazama mwanawe, anatikisa kichwa, na safari hii hakutikisa kidogo. Ussene hakuwa anamwangalia.

Horácio alimpa kijana kipaza sauti. Alimnong'oneza, na aliye karibu anasema alimnong'oneza aseme asante, basi, ashuke.

Ussene hakusema asante. Alikishika kile chombo kwa mikono miwili, mtu asiyezoea, kikalia, akakisogeza mbali na mdomo. Alitafuta kwa macho mpaka akampata Felizarda.

"Yule pale ndiye aliyenipokea duniani," alisema. "Naomba aletwe."

Horácio akacheka, akajaribu kukichukua tena kipaza sauti. Ussene alimwondoa mkono kama unavyomwondoa mtoto. Ana mabega yale.

Watu wakafunguka njia. Hakuna aliyemsukuma Felizarda, lakini nyuma yake walikuwa wanajaza kila hatua aliyoiacha, na kabla hajaelewa alikuwa mbele ya meza, uso wake usawa wa viatu vya Ussene. Eugénio alikuwa amebaki mbali huko. Polisi walimtazama mwenyekiti wa tume, na mwenyekiti wa tume alikuwa amevua miwani.

Ussene akachutama ili sauti yake imfikie, ila kipaza sauti hakukizima, na redio ilikuwa hewani.

"Sina ugomvi na wewe, mama mkunga," alisema. "Ulisema kweli. Mimi si mtoto wa yule mzee, na huyu hapa amenipa jina kama mtu anavyogawa fulana. Nimelala chini wiki nzima nafikiria. Nikajiuliza, hivi katika Namuchara yote ni mimi peke yangu? Wewe umetupokea wote. Umetupima wote."

Akaunyoosha mkono wenye kipaza sauti mpaka kikamgusa Felizarda kidevuni.

"Basi wataje na wengine. Anza na watoto wa hao waliosimama hapa. Uchaguzi uwe wa haki."

Upepo ulipeperusha karatasi ya tarehe kutoka kwenye ubao wa tume. Hakuna aliyeishika.

Felizarda alikipokea kipaza sauti. Hakuna aliyemlazimisha, angeweza kukiacha kianguke. Alikipokea, akawageukia watu, na palepale, kutoka upande wa njano hadi upande wa kijani, wanaume wote wa Namuchara wakageuka kuwatazama wake zao.